Mama Chomoa na Bunduki Iliyofungiwa Kabatini

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, karakana bado inanukia mbao za jana. Mama mmoja mfupi, mwenye kilemba cha kijani na viatu vizito vya ngozi, anapiga goti kando ya kompresa. Anaipapasa vali ndogo iliyo chini ya tumbo la tangi na kuifungua kwa vidole viwili. Maji yenye kutu yanachuruzika kwenye kopo la rangi lililokatwa.

"Kitendawili," anasema bila kugeuka.

"Tega," wanaitikia mafundi wawili wanaopanga mbao nyuma yake.

"Nina mzee wangu, kila siku lazima akojoe. Asipokojoa, mjukuu wake anashikwa na kikohozi."

Wanacheka. Jibu wanalijua, maana kitendawili hiki wameshategewa mara nyingi kuliko siku za mshahara. Mzee ni tangi la kompresa, na mjukuu ni bunduki ya misumari iliyolala mezani. Upepo ukishindiliwa tangini huacha maji. Maji hayo yasipomwagwa, husafiri ndani ya mpira mpaka kwenye bunduki, chuma kikaanza kuliwa, na msumari ukatoka nusu.

"Wengine wanafungua vali hii siku ya kuhama," anasema. "Halafu wanalalamika mashine za siku hizi hazina adabu."

Anafunga vali, anawasha kompresa, nayo inanguruma mpaka vumbi la mbao linacheza sakafuni. Tangi huchukua kama dakika nne kujaa. Dakika hizo nne ni za vitendawili, na mwenye karakana, aliyewahi kujaribu kuzipiga marufuku, alishindwa kwa sababu naye alijikuta anajibu.

Hapa hutengenezwa paleti, zile sakafu fupi za mbao ambazo viwanda hupangia magunia na katoni. Mama huyu ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na kwa siku moja hupigilia paleti hamsini na tano. Kila paleti hula misumari sabini na minane. Anayependa hesabu atazidisha mwenyewe. Atakuta ni misumari zaidi ya elfu nne, na yote imepita mkononi mwa mtu mmoja.

Jina lake halisi liko kwenye kitabu cha mahudhurio. Mdomoni mwa watu anaitwa Mama Chomoa.

"Ni kwa sababu ya kelele zangu," anaeleza. "Mtu akitaka kuongeza misumari, nasema chomoa mpira kwanza. Msumari umekwama, chomoa kwanza. Unakwenda chooni, chomoa. Mume wangu anasema hata usingizini nachomoa."

Kwa ambaye hajawahi kuiona, bunduki ya misumari inafanana na drili iliyonenepa kichwa. Ina mpini, ina kifyatulio cha kidole, na ina pua ya chuma inayorudi ndani ikibanwa kwenye ubao. Pua isipobanwa, kifyatulio ni cha bure. Upepo unaingia kwa nyuma, kupitia mpira mrefu unaotoka kwenye kompresa. Ukivuta kifyatulio, tak! Msumari wa urefu wa kidole unazama kabla hujapepesa jicho.

Mama Chomoa haanzi na tak. Anaanza na matone matano ya mafuta mepesi kwenye tundu la upepo. Anaibana pua kwenye kipande cha mbao, anaiachia, anaibana tena, kuona kama inarudi bila kusitasita. Anakaza skrubu mbili ambazo, anasema, zina tabia ya kutembea. Anavaa miwani ya kinga na vizibo vya masikio. Ndipo anaunganisha mpira.

Mkono wake wa kushoto, unaoshika ubao, unakaa shibiri moja na nusu kutoka pale msumari unapoingia. Amepima kwa kalamu nyekundu kwenye meza, alama ishaanza kufutika kwa kukaliwa na mbao.

"Mbao ina macho," anasema, akionyesha fundo jeusi kwenye ubao. "Msumari ukigonga jicho hili unakata kona, unatokea ubavuni. Sasa kama vidole vyako viko hapo vimekaa kama wageni wa harusi, vitapata vinachokitafuta."

Miaka sita iliyopita hakuwa na bunduki wala miwani. Alikuwa na nyundo. Alipigilia kwa nyundo miaka kumi na minne, paleti kumi na nane kwa siku, mpaka bega la kulia likasema basi. Asubuhi moja alinyanyua mkono kusuka nywele za binti yake, mkono ukagoma katikati.

"Daktari aliniambia mkono huu usipite hapa," anasema, akigusa sehemu iliyo chini kidogo ya bega. "Nikamuuliza, na kazi? Akasema, kazi gani? Nikamwambia nyundo. Aliandika kitu, akanipa karatasi. Mpaka leo sijui aliandika nini, ila sura yake niliisoma vizuri."

Mwenye karakana aliponunua bunduki ile, tayari ikiwa imetumika kwingine, mafundi wengi waliikwepa. Mama Chomoa aliikumbatia. Bunduki haitaki kunyanyuliwa juu. Inawekwa, inabanwa, inafyatuliwa. Kwake haikuwa kifaa cha kwenda haraka. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Bila hiyo, angerudi nyumbani kumtazama mume wake, fundi cherehani, akishona sare za shule peke yake kwa ajili ya matumbo matano.

Ndiyo maana kilichotokea miezi minne iliyopita nusura kimmalize.

Katika karakana hiyo yupo mzee wa miaka sitini na mmoja anayeitwa Babu Rula, kwa sababu hupima kila ubao mara mbili na kuutilia shaka mara ya tatu. Mama Chomoa alimfundisha bunduki yeye mwenyewe. Mzee alijifunza vizuri, ila vidole vyake vimekakamaa, na ile pete ya kuchomolea mpira ilikuwa ngumu kwake. Kila mara aliishika kwa kitambaa, akaivuta, akaitukana kwa heshima.

Mama Chomoa akamhurumia. Siku moja akachukua koki ndogo ya shaba, ile ya mpini mfupi wa kugeuza, akaifunga kwenye mkia wa bunduki, kati ya bunduki na kiungio cha mpira.

"Babu, ukitaka kupumzika kidogo, geuza hivi tu, upepo umekatika," alimwambia. "Ukitaka kuigusa puani, geuza, halafu chomoa kama kawaida."

"Binti yangu, umenipunguzia miaka kumi," alijibu mzee.

Siku tano zilipita kwa raha. Siku ya sita msumari ulikwama. Babu Rula alifunga koki, akachomoa mpira, akaibana bunduki ukingoni mwa meza na kuanza kuuchokonoa msumari kwa bisibisi. Pua ilibanwa, kidole kikateleza kwenye kifyatulio. Tak!

Msumari ulipita kwenye nyama ya kiganja, chini ya dole gumba la mkono wa kushoto. Mungu alisaidia, haukugusa mfupa.

Mwenye karakana alifika mbio. Baada ya mzee kufungwa kitambaa na kutafutiwa gari la kwenda hospitali, maswali yalianza.

"Ulichomoa mpira?"

"Nilifunga koki, na nikachomoa."

"Mpira ukichomolewa bunduki inapigaje, Babu? Inapiga kwa miujiza?"

Mzee akamgeukia Mama Chomoa, kama mtu anayemtafuta shahidi wake. Na hapo ndipo mama huyu anapoinamisha kichwa hata leo anaposimulia.

"Nikamwambia, 'Babu, sema ukweli. Hukuchomoa.' Mbele ya watu. Alinitazama tu, akapanda gari."

Jioni ile mwenye karakana aliitia bunduki kabatini, akafunga kwa kufuli. Alitangaza mambo mawili. La kwanza, kuanzia kesho ni nyundo kwa wote. La pili, akimjua aliyeichezea mashine yake, mtu huyo aage wenzake na aende zake.

Siku ya kwanza ya nyundo, Mama Chomoa alijaribu mkono wa kushoto. Alimaliza paleti tisa. Misumari aliyoipinda aliikusanya kwenye kopo, akaificha chini ya meza kama mwanafunzi anayeficha daftari. Siku ya pili paleti saba. Siku ya tatu mwenye karakana alipita, akatazama rundo lake, akatazama la jirani, hakusema neno. Kutosema kwake kulimuuma kuliko kukaripiwa.

"Nilijua wiki moja zaidi ataniita pembeni," anasema. "Na angekuwa na haki. Nani anamlipa mtu wa paleti saba?"

Jumamosi mchana alikuwa uani na kikombe cha chai. Mume wake alikuwa anajaza upepo kwenye baiskeli anayopelekea sare. Alipiga pampu, akabonyeza tairi kwa dole gumba, akang'oa pampu. Kimya. Tairi halikutoa hata mvumo.

"Mbona halipumui?" Mama Chomoa aliuliza.

"Lipumue liende wapi? Vali imeshika upepo ndani," alijibu mume, akifunga kifuniko.

Chai ikapoa mkononi.

Bunduki ya misumari, ikichomolewa mpira, hupumua: psss, pumzi ndefu, upepo wote uliobaki tumboni ukitoka kwa kupitia mkiani. Yeye ameisikia pumzi hiyo maelfu ya mara, mpaka akaacha kuisikia. Na tangu alipofunga ile koki, ukiifunga kwanza halafu ukachomoa, ilitoka "ps" fupi tu, kama paka aliyekanyagwa mkia. Upepo mwingine ulibaki ndani ya bunduki, umezuiwa na koki, ukisubiri kidole. Ulitosha msumari mmoja.

"Nikamwambia mume wangu, Babu alichomoa. Akasema, Babu gani? Nikasema, ni mimi niliyempiga yule mzee."

Jumapili alikwenda kwa Babu Rula na ndizi na maneno mazito. Mzee alikuwa kwenye mkeka, mkono umefungwa kitambaa cheupe. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mama Chomoa alipiga magoti, akaeleza yote, koki, pumzi, baiskeli. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba aelezwe tena sehemu ya baiskeli.

"Kwa hiyo sina wazimu," alisema hatimaye.

"Huna, babu."

"Mke wangu alishaanza kunionea huruma. Ile huruma ya kuongezewa supu." Akauweka sawa mkono uliofungwa. "Sasa nisikilize. Usimwambie bosi. Ukisema, atakufukuza, kaapa mbele ya watu. Mimi mkono wangu utapona. Bega lako halitapona. Iondoe koki kimya kimya ukipata nafasi, mimi nitasema kidole changu kizembe. Nimeshazeeka, nikiitwa mzembe napungukiwa nini?"

Msomaji, hapo ndipo mtu anapopimwa. Mlango ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni yule yule aliyeumizwa. Mama Chomoa anakiri kwamba alikaa kwenye ule mkeka muda mrefu, akizihesabu nyuzi zake.

"Nilitaka kukubali," anasema. "Nisikudanganye. Niliwaona watoto wangu pale ukutani kwa mzee, wamepangwa kama picha. Lakini kesho yake mtu mwingine angepata wazo lile lile zuri, akaifunga koki yake. Angejuaje? Na huyu mzee angekufa akiitwa mzembe kwa kosa langu. Nikamwambia, babu, ndizi utakula, lakini hili halilipwi kwa ndizi."

Jumatatu, kabla kompresa haijawashwa, alimwomba mwenye karakana afungue kabati.

"Ya nini?"

"Nataka kukuonyesha nani alimpiga Babu Rula."

Mafundi walisogea. Mama Chomoa aliinua bunduki na kuelekeza kidole kwenye koki.

"Hii koki niliiweka mimi. Sikukuuliza, sikumuuliza yeyote. Babu alichomoa, na mimi nilimwita mwongo. Ukimtafuta wa kuaga, ni mimi. Ila kabla sijaaga, naomba mtazame, ili msije mkafa kwa ujinga wangu."

Aliwasha kompresa, tangi lilipojaa akaunganisha mpira, akafunga koki, akachomoa. Ps. Akauonyesha mpira mtupu kwa kila mtu, kama mchezaji wa kiinimacho anayeonyesha mikono. Akabana pua kwenye gogo la mbao chakavu, akavuta.

Tak!

Mtu mmoja aliruka nyuma akakanyaga ndoo ya gundi. Mwenye karakana alipitisha mkono kichwani kutoka mbele hadi kisogoni.

Mama Chomoa alichukua spana, akaing'oa koki, akarudisha kiungio cha zamani. Akaunganisha mpira, akachomoa. Psssss. Ilipumua mpaka mwisho. Akabana pua kwenye gogo, akavuta mara tatu. Kimya.

"Nimemaliza," alisema. Akaweka bunduki mezani, akavua miwani.

"Nenda nyumbani," alijibu mwenye karakana.

Akaenda. Alitembea na kopo lake la misumari iliyopinda, hata hakujua kwa nini amelibeba. Siku hiyo alimsaidia mume wake kushona vifungo. Siku iliyofuata vile vile. Hakulia, anasema, ila vifungo vyote alivishona upande usio wake, mume akavifumua bila kumwambia.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mwenye karakana alibisha hodi. Mwenyewe anasimulia akiwa amekaa juu ya rundo la mbao, kofia mkononi.

"Nina karakana hii miaka kumi na tisa. Wamepita humu watu zaidi ya thelathini. Kila kitu kikivunjika, hakuna aliyekivunja. Nikiuliza, naambiwa kilikuwa hivyo hivyo. Yule mama ndiye mtu wa kwanza kusimama mbele yangu akasema ni mimi, na akanionyesha nilivyokaribia kufiwa na fundi. Sasa nimfukuze huyo, nibaki na wale wa 'kilikuwa hivyo hivyo'?"

Alimpa ufunguo wa kabati. Mama Chomoa hakuupokea hapo hapo. Alitaka jambo moja kwanza: asiruhusiwe yeyote kuishika bunduki kabla yeye Mama Chomoa hajaridhika naye, na yeyote maana yake yeyote.

"Hata mimi?" aliuliza mwenye karakana.

"Wewe hasa, mzee. Wewe huvai miwani."

Akacheka, akakubali. Wiki mbili baadaye alisahau. Alikuja na wateja, akataka kuwaonyesha jinsi mashine inavyofanya kazi, akainyakua bunduki macho matupu na kidole tayari kimelala kwenye kifyatulio. Kabla hajaibana kwenye ubao, alisikia psss ndefu nyuma ya kiwiko chake. Mama Chomoa alikuwa ameshika mpira mkononi.

"Miwani iko kwenye msumari wa pili, mzee," alimwambia kwa upole. "Na kidole kikae nje mpaka uibane. Wageni watasubiri."

Wageni walisubiri. Wiki hiyo hiyo waliongeza oda.

Babu Rula alirudi kazini baada ya wiki tatu. Siku yake ya kwanza, mafundi wote wakisikia, Mama Chomoa alisema, "Nilisema mzee huyu ni mwongo. Mwongo nilikuwa mimi." Mzee akatikisa mkono kama anayefukuza nzi. Pete ile ngumu ilishabadilishwa, imewekwa mpya inayolegea kwa kusukumwa, na vidole vyake vinaimudu. Utani, hata hivyo, hauna likizo.

"Mama Chomoa," huuliza kila akiikaribia meza, "leo umeniongezea nini? Feni? Redio?"

"Leo nimekuongezea heshima, babu. Pima ubao wako."

Desturi mpya imeingia karakanani, na haikuandikwa popote. Anayechomoa mpira hungoja pumzi mpaka iishe, na wenzake hunyamaza waisikie. Kisha huibana bunduki mara moja kwenye gogo chakavu, pua ikitazama chini, ndipo anaigusa. Jambo lenyewe linachukua muda wa kupiga chafya mbili. Tangu hapo hakuna aliyejeruhiwa.

Sasa mwenye karakana anataka kununua bunduki ya pili. Mama Chomoa amekwishamwambia nani ataishika. Ni mwanamke aliyewahi kupigilia meza moja naye enzi za nyundo, ambaye bega lake liliharibika mwaka mmoja kabla ya la Mama Chomoa. Aliondoka bunduki ikiwa bado haijafika, na sasa anauza mkaa kwa kopo. Mama Chomoa amepanga kumfundisha mwezi mzima, kuanzia Jumatatu ijayo: wiki ya kwanza kumwaga maji na kutia mafuta, ya pili kuchomoa na kusikiliza, ya tatu mbao chakavu, ya nne paleti. Baada ya huyo anawajua wengine wawili, mabega yao vile vile, wamekaa majumbani wakidhani kazi imewamaliza.

Saa sita mchana, wakati wa mapumziko, anampigia simu huyo muuza mkaa. Anaweka simu mezani, sauti juu, kwa sababu bado anakula.

"Mwenzangu, nitaweza kweli?" sauti inauliza. "Bega langu bovu."

"La kwangu je, zima?"

"Na hiyo bunduki nasikia inatoboa watu."

"Inatoboa. Nitakueleza ilivyomtoboa mtu kwa mkono wangu, siku ya kwanza kabisa, kabla hujaigusa."

Upande wa pili kinasikika kicheko kidogo, cha mtu anayeanza kukubali.

"Haya. Jumatatu nije na nini?"

Mama Chomoa anafuta vidole kwenye aproni na kuisogelea simu.

"Njoo na mikono yako yote miwili, dada. Jioni nitaihesabu mimi mwenyewe, urudi nayo yote miwili."